Simba, Mbwa Mgeni wa Kibosho

Katika nchi ya Kibosho, juu ya mji wa Moshi, kwenye mabega ya Mlima Kilimanjaro, palikuwa na nyumba moja iliyozungukwa na migomba na mibuni, kama zilivyo nyumba nyingi za Wachaga. Mbele yake ulipita mfereji wa maji yatokayo msituni, na nyuma yake palikuwa na banda la ng'ombe na mbuzi. Nyumbani humo walikaa Babu, Baba, Mama, kijana mmoja wa darasa la sita, na mdogo wake wa kike ambaye alikuwa hajaanza shule.

Siku moja, jua lilipokuwa likitua, Baba alirudi kutoka Moshi amechukua kikapu kikubwa kilichofunikwa kwa kitenge. Watoto walidhani ndani yake mna kuku. Lakini kikapu kilipowekwa chini, kitenge kilitikisika, na kichwa kikatokeza: kichwa cha rangi ya kahawia, chenye pua nyeusi yenye unyevu, na masikio marefu laini yaliyoning'inia kama majani ya mgomba yaliyonyauka. Yule mtoto mdogo akacheka, akasema, "Baba, mbwa huyu masikio yake yamechoka!"

Baba akawaeleza habari zake. Mgeni mmoja kutoka ng'ambo, aliyekuwa akifanya kazi mjini, muda wake ulikwisha, naye hakuweza kumchukua mbwa wake safarini. Akatafuta watu watakaomtunza vema, na Baba akakubali. Mbwa mwenyewe alikuwa na umri wa mwaka mmoja. Jina lake la zamani lilikuwa la kigeni, na ulimi wa Mama haukuliweza. Basi kijana akasema na aitwe Simba. Watoto wa jirani waliposikia wakacheka sana, wakauliza, "Simba gani huyu, mwenye masikio ya mbuzi?" Kijana akaona haya kidogo, lakini jina likabaki.

Mbwa huyo alikuwa wa aina iitwayo bigo. Waingereza huandika jina hilo Beagle. Asili yake ni Uingereza, ambako tangu zamani watu waliwafuga mbwa hao kwa kuwinda sungura. Si mnyama mkubwa: kimo chake begani hakizidi sana sentimita 40, na uzito wake hupata kilo 10 au zaidi kidogo. Ncha ya mkia wake ni nyeupe, hata mwindaji aweza kuiona ikipepea katikati ya majani marefu. Lakini sifa yake iliyo kubwa ni pua. Wataalamu hukadiria kuwa ndani ya pua ya mbwa wa namna hii mna chembe za kunusia zaidi ya milioni 200, hali mwanadamu ana milioni chache tu. Tangu mwaka 1984 serikali ya Marekani imewatumia mbwa wa aina hii katika viwanja vya ndege, wanuse mizigo ya wasafiri, ili matunda na nyama zisizoruhusiwa zisiingie na kuleta maradhi ya mimea na mifugo. Mbwa akinusa embe lililofichwa ndani ya sanduku, hukaa kitako karibu na sanduku hilo. Habweki wala hang'ati. Kukaa kwake ndiko kusema kwake.

Usiku wa kwanza Simba hakulala. Alilia, akanyamaza, akalia tena. Akaukwaruza mlango kwa kucha. Usiku ulipozidi kuendelea, kijana akachoka, akainuka na kushika fimbo. Babu, ambaye naye alikuwa macho, akamzuia.

"Iweke chini fimbo hiyo, mjukuu wangu," akanena Babu. "Hujasikia kwamba mgeni siku mbili, na siku ya tatu ndipo apewe jembe? Huyu hajamaliza hata siku moja, nawe wataka kumpa fimbo?"

"Lakini, Babu, analia bila sababu."

"Sababu anayo. Wewe waijua nyumba yako kwa macho. Mbwa huijua kwa pua. Leo harufu zote alizozizoea zimetoweka, isipokuwa moja."

Babu akauendea ule mkono wa kikapu, akakiinua, na chini kabisa akatoa fulana kuukuu ya yule mgeni aliyeondoka. Akatandika majani makavu ya migomba katika pembe ya jiko, mahali pasipo upepo, akaiweka fulana juu yake. Simba akainusa, akazunguka mara tatu, akajikunja, akalala. Babu akamwambia kijana, "Mwambie Mama yako asiifue nguo hii, hata itakapokwisha kuchukua harufu ya nyumba yetu." Maneno hayo kijana aliyasikia, lakini hakuyatia sana moyoni. Baadaye aliyakumbuka.

Kwa siku tatu za kwanza watoto wa jirani hawakuruhusiwa kumzunguka Simba wala kumbebabeba. Aliachwa atembee polepole uani, anuse banda, anuse mfereji, anuse kila mtu kwa wakati wake. Alipewa chakula chake asubuhi na jioni kwa saa zile zile, na maji safi wakati wote. Mdogo wake kijana alifundishwa jambo moja ambalo kila mtoto hana budi kulijua: mbwa anayekula au anayelala asishikwe, hata kama ni mpole namna gani.

Mama naye alikuwa na sheria zake. Alisema, "Sitaki uchafu jikoni mwangu." Basi kila Simba alipoamka, na kila alipomaliza kula, kijana alimtoa nje akampeleka mahali pale pale chini ya migomba, akangoja. Simba alipojisaidia, alisifiwa kwa sauti ya furaha. Siku mbili tatu alikosea ndani ya nyumba. Hakupigwa, wala pua yake haikusuguliwa chini kama wengine wafanyavyo. Uchafu ulifutwa kimya kimya, na kijana akaonywa kuwa mwangalifu zaidi, maana kosa lilikuwa la mlinzi. Hata juma la pili lilipokwisha, Simba mwenyewe alikuwa akienda mlangoni na kusimama.

Tena Mama aliyainua majamvi ya buni na kuyaweka juu ya kichanja, kwa kuwa ndani ya kahawa mna kafeini, ambayo yaweza kumdhuru mbwa. Vivyo hivyo hakupewa vitunguu, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha kali na kumchoma tumboni.

Haukupita muda ila Baba alimleta afisa mifugo. Simba alikuwa na cheti cha chanjo, lakini mwaka wake ulikuwa umekwisha. Alipokwisha kumchoma sindano, afisa yule akawaita watoto, akawapa habari ya kichaa cha mbwa. Akasema kuwa ugonjwa huo huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa, hasa kwa kung'atwa, na dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hapana anayepona. Kwa hiyo aliyeng'atwa na mbwa asingoje hata kidogo: aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo.

"Tena asifiche," akasema. "Watoto wengi huficha kwa kuogopa kukaripiwa, na kuficha huko ndiko kunakowaua."

Akawasimulia habari za Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa. Mwezi wa Julai mwaka 1885 aliletewa mtoto wa miaka tisa, jina lake Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Dawa ya Pasteur ilikuwa mpya, naye aliogopa. Lakini alijua kuwa mtoto asipochanjwa huenda atakufa. Mtoto akachanjwa, naye akaishi mpaka akawa mtu mzima. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na kwa ajili hiyo siku hiyo imefanywa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Simba alipozoea nyumba, mafunzo yakaanza. Kijana alikata kamba ndefu, akaifunga kwenye ukanda wa shingoni, akatia dagaa wachache mfukoni. Babu aliketi juu ya kigoda akitazama. Zamani Babu alikuwa na mbwa watatu waliolinda shamba lake la mahindi huko chini tambarare wasiingie nyani, naye alijua kazi hiyo.

"Jina lake ni la kumfanya akutazame," alisema Babu. "Neno *njoo* ni la kumfanya aje. Ita mara moja tu, kwa sauti ya kupendeza. Akija, mpe dagaa na umsifu. Asipokuja, usipige kelele mara kumi, maana atajifunza kuwa neno lako halina uzito mpaka mara ya kumi."

Kijana akafanya hivyo kila siku, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya kukata majani ya ng'ombe. Mwanzo aliita akiwa hatua mbili, kisha hatua tano, kisha kutoka upande wa pili wa uwanja. Hayakuwa mafunzo marefu, maana mbwa huchoka upesi kama mtoto. Mwalimu wa kijana alipopata habari, alimweleza juu ya Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Pavlov aliona kuwa mbwa akisikia sauti fulani kila mara kabla ya kupewa chakula, mwisho mate humtoka kwa kuisikia sauti ile tu, hata kama chakula hakijaonekana. "Kwa hiyo," mwalimu akasema, "sauti huchukua maana ya kile kiifuatacho." Kijana akaona hayo ni yale yale aliyoyasema Babu, ambaye hakupata kusoma habari za Pavlov.

Ilipotimia miezi miwili, Simba alikuwa akija mbio kila alipoitwa, mkia juu, masikio yakipepea. Hata wale watoto waliomcheka walianza kumpenda, na kijana akaona fahari.

Basi Jumamosi moja vijana wenzake walikuja kumtazama mbwa anayetii. Walipokuwa wakizungumza, Simba alipata harufu, akapenya uani, akaingia kwa jirani. Haikuchukua muda, mama wa nyumba ile akaja, ameshika maganda ya mayai mkononi. Akasema kwa huzuni, "Kuku wangu alikuwa akiatamia. Mbwa wenu amemfukuza na kula mayai yote."

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu ndiye mwalimu wa mbwa!" Uso wa kijana ukamwaka kwa haya. Akamwona Simba mbali penye migomba akilamba midomo. Akaficha fimbo nyuma ya mgongo, akaita kwa sauti ile ile ya kupendeza, "Simba, njoo!"

Simba akaja mbio, mkia juu, akitazama mfuko wa dagaa. Kijana akamkamata ukanda wa shingoni, akampiga. Akampiga mara nyingi, mpaka mdogo wake akaanza kulia. Simba hakung'ata. Alijilaza chini, akatetemeka. Na alipoachiliwa akajificha chini ya ghala.

Babu aliona yote, wala hakunena neno mbele ya watu. Alikwenda ndani, akaleta mayai ya kuku wao wenyewe, akampa jirani na kumwomba radhi. Hata jioni, walipokwisha kula, akamwita kijana.

"Leo umempiga mbwa. Kwa kosa gani?"

"Kwa kula mayai ya watu, Babu."

"Mayai aliyala wapi?"

"Kwa jirani."

"Na ulipompiga, alikuwa kwa jirani?"

"La, Babu. Alikuwa hapa uani."

"Alikuwa akifanya nini?"

Kijana akanyamaza. Babu akangoja. Mwisho kijana akajibu kwa sauti ndogo, "Alikuwa amekuja nilipomwita."

"Basi," akasema Babu, "hukumpiga kwa kula mayai. Mayai yamekwisha sahauliwa. Umempiga kwa kukutii. Na wewe uliyefungua mlango wa ua hukupigwa na mtu."

Siku zilizofuata kijana aliona matunda ya tendo lake. Alipoita, Simba alisimama mbali akamtazama. Akija, alikuja akitambaa, mkia katikati ya miguu, naye akifika hatua tatu hugeuka. Kijana alimtupia dagaa. Simba hakula mpaka kijana alipoondoka. Badala ya kuanza tena kwa kamba na subira, kijana akakasirika. Akajisemea, "Atazoea tu."

Ikawa siku nyingine ya Jumamosi Babu na kijana walipanda kukata majani ya ng'ombe karibu na mpaka wa msitu, pale mashamba yanapokwisha. Babu alimwambia amfunge Simba kamba, lakini kijana alimwachilia alipofika juu. Msitu ule umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973, wala watu hawana ruhusa ya kuingia humo wapendavyo, seuze mbwa. Karibu na hapo pana korongo refu, ambalo chini yake hupita mto wenye mawe.

Simba alikuwa akinusa majani. Mara akainua kichwa, akakiinamisha tena, mkia ukasimama. Pengine ilikuwa harufu ya funo, pengine ya pimbi, haikujulikana. Akatoa mlio mrefu ambao kijana alikuwa hajapata kuusikia, mlio wa mababu zake wawindaji, akaenda mbio kuelekea korongoni.

"Simba! Simba, njoo!"

Penye ukingo wa korongo Simba akasimama. Yakini alisikia. Akageuza kichwa, akamtazama kijana. Kisha akautazama mkono wake. Mkononi mwake mlikuwa na fimbo aliyochukua njiani. Simba akageuka, akashuka korongoni, na mlio wake ukazidi kwenda mbali, mpaka maji ya mto yakaufunika.

Kijana aliita mpaka sauti ikamkauka. Ukungu ukashuka kutoka mlimani, na giza likaanza kuingia. Akataka kushuka, lakini Babu akamshika bega.

"Usiku huu hatushuki. Mawe ni utelezi, na msitu una chui."

"Chui atamla, Babu!"

"Yawezekana," akajibu Babu, maana hakuwa na desturi ya kuwadanganya watoto. "Lakini mbwa aliyeifuata harufu kwenda, aweza kuifuata harufu kurudi. Atarudi mpaka pale alipoanza. Neno lililobaki ni hili: akifika hapo, atakuta nini? Vua sweta lako."

Lilikuwa sweta la shule, la pekee alilokuwa nalo, na baridi ya jioni ilikuwa imekwisha anza. Kijana akasita.

"Babu, tungeweza kuileta ile fulana ya bwana wake wa zamani. Ile aliipenda."

"Bwana wake wa zamani hakumfukuza," akasema Babu. "Aliyemfukuza ni wewe. Sauti yako haiamini tena. Labda harufu yako ataiamini."

Kijana akavua sweta, akalitandika chini ya mti pale ambapo Simba aliinua kichwa, akaweka na maji kidogo katika kibuyu kilichokatwa. Hayo si mambo ya uganga. Wafugaji wengi wa mbwa wa kuwinda hufanya hivyo mbwa anapopotea: huacha koti au blanketi lenye harufu ya mwenyewe mahali mbwa alipoonekana mwisho, na mara nyingi humkuta hapo asubuhi. Lakini mara nyingi si kila mara, na kijana alilijua hilo.

Usiku ule alilala bila kulala. Mvua ilinyesha kidogo juu ya majani ya migomba. Katika pembe ya jiko fulana kuukuu ilikuwa peke yake juu ya majani makavu. Kijana alikumbuka usiku wa kwanza, aliposhika fimbo kwa sababu ya kilio cha mbwa. Na sasa angalitoa kila alicho nacho ili akisikie kilio kile.

Alfajiri, kabla kengele ya kanisa haijalia, Babu na kijana wakapanda. Mawingu yalikuwa yameondoka, na Kibo ilionekana nyeupe juu ya msitu, safi kama chombo kilichooshwa. Kijana alitangulia mbio. Lakini walipokaribia, Babu akamshika mkono, akamwonyesha kwa kidole.

Juu ya sweta palikuwa na kitu kilichojikunja, kimelowa, kimejaa matope. Simba akainua kichwa. Sikio lake moja lilikuwa limechanwa na miiba. Alipomwona kijana akasimama, mkia wake ukashuka, na mguu mmoja ukarudi nyuma.

Kijana alitaka kumkimbilia. Alitaka kuita. Lakini alikumbuka mambo yote mawili, sauti na mkono. Akaitupa mbali fimbo aliyokuwa akipandia, akaketi chini katika majani yenye umande, akageuza uso kidogo, akaweka mkono mtupu juu ya goti. Hakusema neno.

Muda mrefu ukapita. Babu alisimama kimya kama mti. Simba akapiga hatua moja, akasimama. Akapiga hatua nyingine. Alinusa hewa, akanusa majani, akanusa kiatu. Kisha kijana akaona kitu chenye unyevu kikigusa vidole vyake: ilikuwa pua ya Simba. Hapo machozi yakamtoka, lakini mkono wake haukuondoka mahali pake.

Walipokuwa wakishuka, Simba katikati yao kwa kamba, Babu akasema, "Kwetu sisi Wachaga, mtu akimkosea mwenziwe humpelekea jani la masale kumwomba radhi, na aliyekosewa huona ni vigumu kulikataa. Mbwa halijui jani la masale. Masale yake ni subira yako ya siku nyingi."

Siku zenyewe zilikuwa nyingi kweli. Ujuzi ulioletwa kwa miezi miwili na kuharibiwa kwa dakika chache, ulihitaji miezi minne kurudishwa. Kijana alianza tena hatua mbili, kwa kamba na dagaa, kana kwamba Simba amefika jana. Alijiwekea sheria ambayo hakuivunja: hakumwita Simba tena kwa jambo baya. Alipotaka kumwosha, au kumtia dawa sikioni, au kumtoa mahali alipokosea, alimwendea mwenyewe kwa miguu yake. Neno *njoo* alilitunza kwa mambo mema tu. Tena alitengeneza mlango wa ua kwa mikono yake, akamchukulia jirani kifaranga kimoja, kisha kingine, mpaka wakafika idadi ya mayai yale. Hata alipokwisha kuaminiwa, Simba hakuachiliwa tena karibu na msitu bila kamba, kwa kuwa pua yake Mungu ameiumba yenye nguvu kuliko masikio yake, na si haki kumlaumu mnyama kwa maumbile yake.

Jumatatu ile baada ya Simba kupatikana, sweta lilikuwa halijakauka vizuri, na Mama hakuwa na nafasi ya kuondoa harufu yote. Kijana akalivaa hivyo hivyo akaenda shule. Wenzake walikunja pua, wakasema, "Wanuka mbwa!" Siku nyingine angaliona haya. Siku hiyo alijibu, "Ndiyo, nanuka mbwa," akafungua daftari lake, akaanza kuandika.